Pete ya Shangazi: Tanzanaiti Iliyopita Mikono Mitano

Shangazi alifungua fundo kwenye pindo la kanga, akatoa pete na kuniwekea kiganjani. "Hebu nitazamie, mwanangu. Hili ni jiwe au ni chupa?"

Ilikuwa Oktoba, mwezi ambao hapa Tabora hata kivuli cha mwembe kina joto. Tulikuwa barazani kwangu Isevya, maji ya kunywa hayajaletwa na salamu zenyewe hazijaisha. Pete ilikuwa nzuri: dhahabu ya rangi iliyokolea, jiwe la bluu la umbo la yai, limeinuliwa juu kwa meno manne. Lakini ndani ya jiwe, karibu na ncha moja, palipita ufa. Haukuwa mkwaruzo wa juu. Ulishuka mpaka chini, umenyooka kama umechorwa kwa rula, na ukiinamisha pete kidogo unametameta.

Nilikata vito Arusha kwa miaka tisa kabla ya kurudi nyumbani, ndiyo maana mambo ya namna hii hunifikia. Mengi huisha kwa sentensi moja: mama, hiki ni kioo, kaka, umepigwa. Hili la shangazi nimeliandika lote kwa sababu nililitafutia mwizi na sikumpata. Kila aliyeigusa pete hii alikuwa na nia njema na sababu ya kufanya alichofanya, na jiwe likapasuka hivyo hivyo.

Jiwe au chupa

Familia ilikuwa imeshagawanyika. Shangazi aliamini mwanawe ameuziwa chupa huko Arusha anakofanya kazi. Mwanawe, kwa simu, akaapa kwamba masonara wa Tabora wamebadilisha jiwe, "na kila mtu anajua wanavyofanya." Ilibidi nianzie hapo. Kama jiwe si lile lililonunuliwa, maswali mengine yote hayana kazi.

Binamu alikuwa ametunza risiti, akanitumia picha yake. Tanzanaiti, umbo la yai, milimita 9.0 kwa 7.0, kina 4.8, karati 2.06. Nikayainua meno taratibu, nikalitoa jiwe na kuliweka kwenye mizani: 2.05. Milimita nazo zikalingana. Mtu anaweza kukupachikia jiwe bandia la ukubwa ule ule, lakini uzito ndio utakaomuumbua, kwa sababu kila jiwe lina uzito wake hata kama umbo ni moja. Zirkonia, jiwe la kiwandani linaloigiza almasi, ya vipimo hivyo ingegonga karati tatu na nusu. Kioo cha kawaida kingekuwa kwenye karati moja na nusu.

Kisha rangi. Nilichukua kioo cha miwani ya jua ya polaroidi, ile inayokata mng'ao wa barabarani, nikalitazama jiwe kupitia humo huku nikikizungusha. Likawa bluu, likageuka zambarau, likarudi bluu. Chupa haina tabia hiyo. Izungushe utakavyo, rangi yake ni ile ile.

Ushahidi nilioupenda zaidi, hata hivyo, ni ufa wenyewe. Vunja chupa ya soda uangalie pale ilipovunjikia: pamejikunja mawimbi mawimbi kama ganda la konokono. Tanzanaiti si hivyo. Ina mwelekeo mmoja ambao hupasukia kirahisi sana, kama gogo lililonyooka linavyofuata nyuzi zake ukilipiga shoka, na pale lilipopasukia huwa bapa, laini. Ufa wa shangazi ulikuwa bapa.

"Shangazi, hili ni tanzanaiti. Chupa isingepasuka namna hii."

Akanyamaza kidogo. "Basi afadhali lingekuwa chupa," akasema, "nisingelia."

Hapo hapo akaniuliza jambo ambalo nadhani lilikuwa linamkereketa tangu mwanzo. Kwa nini dhahabu husemwa ni karati kumi na nane, karati ishirini na moja, na jiwe lake likaandikwa karati mbili? Mwanawe alinunua jiwe la daraja la chini? Nikacheka, lakini si swali la kuchekwa. Neno ni moja na vitu ni viwili. Karati ya jiwe ni uzito: karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo jiwe lake lote lilikuwa kama gramu 0.4. Karati ya dhahabu ni usafi: dhahabu tupu ni 24, ya 18 ina sehemu 18 za dhahabu na 6 za kitu kingine. Wauzaji wanajua tofauti hii vizuri, na wapo wanaokaa kimya mteja anapochanganya.

Kwa nini pete, na kwa nini jiwe hili

Shangazi alizaliwa 1967, mwaka ule ule tanzanaiti ilipoanza kuokotwa Mererani. Jina lenyewe lilikuja mwaka uliofuata, lilipobuniwa na wauza vito Tiffany wa New York, ambao hawakupenda kuliita zoisaiti ya bluu, jina lake la kitaalamu. Alifanya kazi ya uuguzi zaidi ya miaka thelathini, akastaafu kwa hiari, na kiinua mgongo kilipoingia alitenga fungu kwa ajili ya kitu kimoja ambacho hakiliwi, hakijengwi na hakiombwi na mtu. "Sisi wawili ni rika," aliniambia, maana yake yeye na jiwe.

Angeniuliza mapema ningempinga. Tanzanaiti ni jiwe la hereni au la kidani. Katika kipimo cha ugumu kinachoanzia 1 kwa talki, lile jiwe laini la kutengenezea poda, na kuishia 10 kwa almasi, tanzanaiti iko kwenye 6 na nusu hivi. Mchanga wa kawaida, wa kwarizi, uko kwenye 7. Maana yake vumbi linalotua mezani kila siku linaweza kulikwaruza. Kwa pete ya kuvaliwa kutwa ningempa yakuti ya Tunduru, ambayo ni 9, au spineli ya Mahenge, ambayo ni 8 na wekundu wake hauna mfano. Nilimweleza hayo barazani, nikiwa nimechelewa kama daktari anayefika msibani.

"Hereni?" akasema. "Hereni wataziona wenzangu. Mimi nitaziona saa ngapi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Mtu anayetaka kuliona jiwe lake mwenyewe anataka pete. Kazi ya waliobaki ni kuitengeneza pete itakayolihimili jiwe hilo mkononi mwa mtu huyo, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda upande.

Dhahabu ya bibi

Dhahabu haikununuliwa. Ilitoka kwenye kopo la Kiwi ambamo bibi, mama yake shangazi, aliacha jozi ya hereni nzito na nusu ya bangili iliyokatika. Shangazi alizipeleka kwa sonara mmoja mzee sokoni. Nilipokwenda kumwona, baada ya shikamoo na marahaba, alinieleza kila hatua bila kuficha, na lazima niseme alifanya kazi ya mtu anayeijua kazi. Alikwaruza kila kipande kwenye jiwe lake jeusi la kupimia, akadondoshea tindikali na kulinganisha na sindano zenye dhahabu inayojulikana. Hereni zilikuwa karati 21, gramu 4.0. Bangili karati 18, gramu 2.8. Kabla ya kuyeyusha alikata maungio yote yenye lehemu ya zamani, jambo ambalo mafundi wavivu huliruka, na ndiyo maana dhahabu nyingi za kuyeyushwa upya huwa na vitundu na kukatika ovyo.

Piga hesabu kidogo. Gramu nne za karati 21 zina dhahabu tupu gramu 3.5. Gramu 2.8 za karati 18 zina 2.1. Jumla 5.6 ndani ya 6.8, ambayo ni karibu karati 20. Kwa bangili, hiyo ni dhahabu ya fahari. Kwa meno membamba ya kushika jiwe ni laini mno; meno ya karati 20 yanakunjuka kwa kunaswa tu na uzi wa kanga. Sonara alijua. Alipendekeza aongeze shaba na fedha kidogo, gramu 0.67 kwa hesabu zangu, ili dhahabu ishuke mpaka karati 18 na kukaza.

Shangazi alikataa. "Usichanganye kitu na dhahabu ya mama."

Mzee akatii. Nilimuuliza kwa nini, na akaniangalia kama niliyeuliza kwa nini watu huvua viatu mlangoni. Mali ni ya mteja na mama ni wake.

Umbo nalo lilitoka kwenye simu. Binti wa jirani alimwonyesha shangazi picha ya pete ya uchumba ya mtu fulani wa mbali, jiwe limepanda juu kama mnara ili mwanga uingie pande zote. Ni umbo zuri kwa almasi na kwa mkono usioosha sufuria. Shangazi ni mtu wa bustani ya mchicha, wa kufua kwa mkono, na wa kusugua masufuria kwa mchanga na majivu kama alivyofundishwa. Mchanga tena. Nilipolitazama jiwe kwa lenzi ya mara kumi, kingo za juu zilikuwa zimeshaanza kulika, miezi mitatu tu tangu livaliwe.

Halafu kidole. Kilipimwa Julai, saa mbili asubuhi, wakati Tabora ina ubaridi wa kutafuta sweta. Kidole cha asubuhi ya Julai na kidole cha alasiri ya Oktoba si kidole kimoja, hasa kwa mtu wa makamo ambaye kifundo cha kidole kimeshanenepa kuliko shina lake. Pete iliingia vizuri siku ya kwanza. Kufikia mwisho wa Septemba ilikuwa inatoka kwa sabuni na machozi.

Dakika kumi kwenye kibanda cha pili

Angerudi kwa mzee tungekuwa na habari nyingine. Lakini mzee alikuwa amesafiri msibani, na Jumamosi hiyo shangazi alikuwa anawahi kikao cha harusi. Akaingia kwa fundi kijana mtaa wa pili. Simtaji, na hata ningeruhusiwa nisingemtaja. Niliongea naye kwa muda mrefu kuliko wote, na sikwenda kugombana.

Aliipokea pete, akaona meno mawili yamelegea na jiwe linacheza. Akayabana kwa koleo, kwa nguvu, kwa kuwa hakutaka lidondoke mikononi mwake. Akakata mwili wa pete kwa chini, akapachika kipande kidogo cha dhahabu, akapaka boraksi, dawa ya kusaidia lehemu ikimbie, akawasha gesi. Lehemu ikayeyuka na kukimbia kwenye maungio. Shangazi yuko mlangoni: "Fanya haraka, mwanangu." Akaitumbukiza pete kwenye bakuli la maji ili ipoe, mteja aijaribu.

Alisikia mlio mdogo. "Kama bisi moja inapasuka sufuriani," aliniambia. Hakujua ni nini mpaka alipoifuta.

Nikamuuliza kwa nini hakulitoa jiwe kwanza. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike.

"Vioo natoa," akasema, "maana vimeshikwa na gundi, gundi inaungua. Lakini jiwe lililoshikwa kwa meno sijawahi kulitoa. Napiga moto, linapona. Miaka sita sasa."

Anasema kweli. Mawe yanayoshikwa kwa meno kwenye pete zinazoletwa kwake ni zirkonia, karibu yote. Zirkonia huyeyuka kwa joto la zaidi ya nyuzi 2,500. Moto wa kulehemu, ambao hauna budi kubaki chini ya kiwango cha kuyeyusha dhahabu yenyewe, nyuzi elfu moja hivi, ni kama unaikanda tu. Kwa hiyo kijana alijitengenezea kanuni kutokana na alichokiona kila siku, na kanuni hiyo haikuwahi kumwangusha. Iliangushwa na jiwe la kwanza la thamani kukanyaga kibandani pake. Kuna ukatili fulani hapo: kanuni inayolinda mawe ya shilingi elfu mbili ndiyo inayoua la mamilioni.

Tena neno sonara lenyewe lina asili ya Kihindi, sona ni dhahabu. Ni mtu wa dhahabu. Kwa miji yetu ya huku bara pete ni dhahabu kwanza, hupimwa kwa gramu, huwekwa rehani kwa gramu, na jiwe ni pambo la juu ambalo mizani haitaki hata kulisikia. Arusha na Mererani wamekua na mawe. Sisi Tabora tuna Nzega pale, tumekua na dhahabu. Kumlaumu kijana kwa kutojua tanzanaiti ni kama kumlaumu mvuvi wa Kigoma kwa kutojua kurina asali.

"Si mnasema inapikwa?"

Kijana alikuwa na swali lake, na alilishikilia. Amesikia kwamba tanzanaiti nyingi hutoka ardhini zikiwa za kahawia, zikapikwa ndipo zikawa bluu. Sasa jiwe lililokwisha kupita tanuruni kwa nyuzi mia tano au mia sita, moto wa dakika mbili umelifanya nini?

Swali zuri. Karibu kila tanzanaiti ya bluu iliyokolea imepikwa kweli, na wanaopika wanajua siri moja: halitiwi kwenye tanuru lenye moto wala halitolewi likiwa la moto. Joto hupandishwa polepole na kushushwa polepole, ili ndani na nje ya jiwe viende sambamba. Nikamkumbusha chungu. Chungu kimechomwa kwenye moto mkali kuliko wa jikoni kote, lakini kitoe mekoni kikiwa cha moto na ukimwagie maji ya mtungi uone. Kinachopasua ni tofauti ya ghafla kati ya sehemu moja na nyingine. Upande mmoja umeshasinyaa, mwingine bado umetanuka, na jiwe ambalo tayari lina mwelekeo wa kupasukia halina pa kukimbilia.

Kwa pete hii tofauti hiyo ilikuja mara mbili: moto uliopanda kutoka chini kupitia dhahabu, ambayo hupitisha joto upesi mno, na maji ya bakuli. Ongeza meno yaliyokuwa yamebanwa kwa nguvu dakika chache kabla. Ufa ulianzia chini ya jino mojawapo kati ya hayo mawili. Kwa lenzi nililiona kovu dogo pale jino lilipogandamiza ukingo wa jiwe. Moto pekee labda lingeuvumilia. Labda. Maji ya baridi juu ya meno yaliyokazwa, hapana.

Nilimwambia pia asidhani mawe magumu yako salama. Rubi na yakuti huhimili moto, lakini boraksi ile ile anayopaka huula uso wa jiwe na kuacha vidoa kama vya ndui. Kanuni yangu mimi ni ya kizembe na haijawahi kuniponza: jiwe linatoka, gesi inawaka, jiwe linarudi. Akaniuliza nani atalipia muda huo wa kutoa na kurudisha, wakati mteja yuko mlangoni ana elfu kumi na tano mkononi. Hapo alinishinda.

Lawama ziko wapi

Shangazi alitaka jina moja. Watu wote hutaka jina moja.

Nilifuata njia ya taarifa badala ya njia ya pete, na hapo kisa kikabadilika. Muuzaji wa Arusha alimwambia binamu, na binamu anakiri, "Jiwe hili halipendi moto wala kugongwa." Binamu alifunga jiwe kwenye karatasi yake, akalituma kwa mama, na maneno yakabaki Arusha. "Nilidhani masonara wanajua," akaniambia. Mzee wa sokoni alijua kwamba ni tanzanaiti, alijua lipachikwe mwisho baada ya moto wote, na alilipachika hivyo. Lakini alipomkabidhi shangazi pete, alimwambia asiipoteze. Hakumwambia kwamba siku ikibana aje kwake tu. Shangazi akaingia kwenye kibanda cha pili na kusema neno moja, "Ipanue," na kijana hakuuliza jiwe gani.

Nikibanwa nitaje mmoja, namtaja binamu, na nimeshamwambia. Mzee alikosea kwa kunyamaza na kijana kwa kutouliza. Binamu ndiye pekee aliyepewa onyo kwa maneno ya Kiswahili yanayoeleweka, akaliweka mfukoni. Lakini ukiniuliza pete ilianza kuharibika lini, sitasema Jumamosi ile. Nitasema siku ilipochorwa kutokana na picha ya simu. Pete ilianza na umbo, ikaja dhahabu, kikaja kidole, na jiwe likaulizwa mwisho kabisa kama litatosha. Lingeulizwa la kwanza, lingekataa meno, lingekataa mnara, na lingekataa dhahabu laini. Meno yasingelegea, na kijana asingekuwa na sababu ya kushika koleo.

Kuikata upya

Jiwe lililopasuka hivi haliungwi. Linaweza kupunguzwa. Nina mashine ndogo ya kukatia niliyorudi nayo, na nilisita siku nne kabla ya kuigusa. Kawaida jiwe hugandishwa kwenye kijiti kwa nta ya moto ili lishikike. Kwa hili nilitumia gundi ya baridi na kungoja usiku mzima, nisije nikamaliza alichoanza kijana. Ncha iliyopasuka ilijitenga yenyewe niliposogeza msumeno, kipande cha milimita mbili hivi, safi kama ukucha. Kilichobaki nikakifanya mraba wenye pembe za mviringo, milimita 6.5 kwa 6.4. Mizani ikasema 1.26.

Zaidi ya theluthi ya jiwe imekwenda. Na si uzito tu: tanzanaiti inapopungua ukubwa na rangi hupungua, kwa sababu mwanga una njia fupi ya kupita ndani yake. Shangazi aliliona mara moja. "Limepauka." Sikumbishia.

Tukarudi kwa mzee, mimi na yeye pamoja, na safari hii jiwe lilitangulia mezani. Tukakubaliana kusiwe na meno: ukuta wa dhahabu unaolizunguka jiwe lote na kuegemea ukingo wake, jiwe likae chini karibu na kidole, na kwa nyuma paachwe wazi ili mwanga upite na sabuni isigande. Kipande alichopachika kijana kilikatwa na kuwekwa kando, kwa kuwa hakuna aliyejua ni karati ngapi. Likaja suala la dhahabu ya mama. Ukuta kama huo husukumwa kwa mkono kidogo kidogo juu ya jiwe, na mzee alitaka karati 18 itakayobaki ilipowekwa. Nilijiandaa kubishana. Shangazi akapunga mkono.

"Changanya. Hata mama mwenyewe alichanganywa na ukoo wa baba, ndipo nikapatikana mimi."

Kidole kilipimwa saa kumi jioni, jua likiwa kali, na kikapimwa kwenye kifundo. Pete inayopita kifundo kilichonenepa hulegea ikifika shinani na jiwe hugeukia kiganjani, kwa hiyo mzee aliongeza vidonge viwili vidogo vya dhahabu kwa ndani, upande wa chini, vinavyoishika isizunguke. Ni ufundi ambao sikuujua. Miaka tisa ya Arusha sikuwahi kuuona. Moto wote ulikwisha, pete ikasafishwa kwa tindikali, ikaoshwa, ikapoa, na jiwe likaingia likiwa la mwisho kufika na la kwanza kufikiriwa.

Niliandika karatasi ndogo: tanzanaiti, imepikwa, karati 1.26, vipimo, dhahabu karati 18, na kwa herufi kubwa, TOA JIWE KABLA YA MOTO. Imo kwenye kopo la Kiwi pamoja na kile kipande cha milimita mbili na dhahabu iliyobaki. Nakala nyingine nilimpa kijana wa kibanda cha pili, ambaye aliibandika ukutani juu ya mtungi wa gesi bila kusema kitu. Hakutozwa chochote, ingawa binamu alitaka. Shangazi alisema mtu aliyeharakishwa hadaiwi na aliyemharakisha.

Masufuria bado anasugua kwa mchanga. Huivua pete kwanza na kuitundika kwenye msumari jikoni, na mara mbili ameisahau huko na kuamsha nyumba nzima kuitafuta. Juzi usiku umeme ulikatika, akanipigia simu. Nikadhani imepotea tena. Alitaka kujua kwa nini mchana lina bluu ya kitenge na sasa, mbele ya mshumaa, limekuwa zambarau. Nikamweleza kwamba mshumaa una wekundu mwingi kuliko jua, na jiwe lake lina rangi zote mbili, hutoa ile inayoitwa na mwanga uliopo.

"Ahaa," akasema. "Subiri kwanza, usikate." Nikamsikia akisogeza mshumaa.